Mwanga Unaosikika: Leza na Ultrasaundi Zaungana Kuchunguza Uvimbe wa Titi

Mama anayeingia chumba cha ultrasaundi kwa sababu ya uvimbe kwenye titi hutoka na mojawapo ya majibu matatu. La kwanza ni kwamba uvimbe umejaa maji tu na hauna shida. La pili ni kwamba unatia shaka kubwa na sampuli ichukuliwe haraka. La tatu, ambalo ndilo gumu zaidi kurudi nalo nyumbani, ni kwamba picha haiko wazi: huenda ni uvimbe wa kawaida, huenda sivyo, na njia ya kujua kwa hakika ni sindano.

Wengi wa wanaochukuliwa sampuli kwa sindano hiyo huishia kuambiwa kwamba hawana saratani. Hizo ni habari njema, lakini hutanguliwa na gharama ya nauli, siku za kazi zilizopotea, maumivu na usiku wa kukosa usingizi wakati wa kusubiri matokeo. Wapo pia wanaoiogopa sindano na kutorudi kabisa, na miongoni mwao wamo wagonjwa wa kweli.

Pengo hilo, kati ya kile picha inaonyesha na kile daktari anahitaji kujua, ndilo ambalo teknolojia mpya inajaribu kuziba kwa kuunganisha mwanga wa leza na mawimbi ya sauti ya ultrasaundi. Wataalamu huiita fotoakustika. Mashine zake bado si sehemu ya huduma za kawaida katika hospitali za kaunti nchini Kenya. Hata hivyo, kuna sababu nzuri ya wakazi kuzifahamu kabla hazijafika, na mojawapo ni kwamba rangi ya ngozi ya mgonjwa inaweza kubadilisha kile ambacho mashine inaona.

Ultrasaundi huona umbo

Wakazi wengi wanaijua ultrasaundi kupitia kliniki ya wajawazito. Kifaa kinachopitishwa juu ya jeli baridi hutuma mwilini sauti ambayo sikio haliwezi kuisikia. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo takriban 20,000 kwa sekunde, ilhali kifaa hicho hutuma mamilioni. Sauti ikifika kwenye mpaka kati ya tishu moja na nyingine, sehemu yake hurudi kama mwangwi. Kwa wastani, sauti husafiri mwilini kwa kasi ya mita 1,540 kwa sekunde. Kompyuta hupima muda ambao kila mwangwi umechukua kurudi, inakokotoa umetoka kina gani, kisha inachora picha.

Picha hiyo ya kijivu ni hodari wa kuonyesha umbo. Kwa titi, mtaalamu huangalia kama uvimbe una maji au ni mgumu, kama kingo zake ni laini au zimechongoka, na kama umelala sambamba na ngozi au umesimama wima. Uvimbe laini uliolala, wenye mipaka safi, mara nyingi hauna hatari. Wenye kingo za miiba huleta wasiwasi. Shida iko katikati, kwa maana uvimbe mwingi usio wa saratani huwa na umbo la kutiliwa shaka, na saratani chache huonekana za mviringo na za upole.

Ultrasaundi inaweza pia kuonyesha damu ikitembea, kwa njia iitwayo dopla. Lakini mishipa midogo sana, ambamo damu hutembea polepole, huiponyoka. Wala haiwezi kusema kama damu hiyo ina oksijeni ya kutosha.

Mwanga huona damu, lakini hupotea njia

Umeme ukipotea usiku, mtu akiweka kidole juu ya tochi ya simu huona kidole kikiwaka rangi nyekundu. Damu imemeza rangi nyingine na kuacha nyekundu ipite. Jaribio hilo dogo linaonyesha mambo mawili. Kwanza, mwanga unaweza kupenya mwilini. Pili, damu huacha alama yake kwenye mwanga huo, kwa sababu himoglobini, kemikali inayobeba oksijeni kwenye damu, humeza mwanga kwa namna moja ikiwa imebeba oksijeni na kwa namna nyingine ikiwa imeiachilia.

Lakini kidole hicho kinachowaka hakionyeshi mfupa wala mshipa kwa uwazi. Ni wekundu tu uliotapakaa. Dereva aliyewahi kupita Limuru alfajiri wakati wa ukungu anaelewa ni kwa nini: taa za gari ni kali, lakini mwanga unagonga matone ya maji na kutawanyika kila upande, na lori lililo mbele linakuwa kivuli tu. Ndani ya mwili, baada ya takriban milimita moja, mwanga umekwisha kusahau ulikuwa unaelekea wapi. Bado unaendelea kwenda ndani kwa sentimita kadhaa, ila hauwezi tena kuchora picha kali.

Basi ultrasaundi inaona umbo vizuri lakini haijui habari za oksijeni. Mwanga unajua habari za oksijeni lakini umepotea njia.

Mabati yanapolia

Suluhisho lilitokana na jambo ambalo kila mtu anayeishi chini ya mabati amelisikia. Jua likichomoza na kupiga paa, mabati huanza kulia, ka, ka, ka. Bati limepata joto, limepanuka, na kupanuka kwake kumetoa sauti. Mwanga umegeuka joto, na joto limegeuka sauti.

Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, aligundua mwaka 1880 kwamba mwanga wa jua ukikatwakatwa haraka na kuelekezwa kwenye vitu mbalimbali, vitu hivyo hutoa sauti. Uchunguzi wake ulikaa miaka mingi bila kazi kubwa hospitalini, kwa kuwa leza haikuwepo hadi mwaka 1960 na kompyuta zenye uwezo wa kutosha zilichelewa zaidi. Mwaka 2003, kundi la watafiti likiongozwa na Lihong Wang nchini Marekani lilichapisha picha za ubongo wa panya aliye hai zilizopigwa kwa njia hii bila kupasua kichwa, na zikaonyesha mabadiliko ya damu panya alipoguswa ndevu.

Kwa mgonjwa, mambo huenda hivi. Kifaa hufanana na kile cha ultrasaundi ya kawaida, ila pembeni kina nyuzi zinazoleta mwanga wa leza. Leza hiyo hutuma mmweko mfupi mno, wa sehemu chache tu za bilioni moja ya sekunde. Mwanga unatawanyika ndani ya titi kama kwenye ukungu, na popote unapokuta damu unamezwa. Damu hupata joto kidogo mno, sehemu chache tu za elfu moja ya digrii, na mgonjwa hasikii chochote. Lakini joto hilo linatosha kuifanya ipanuke ghafla na kutoa sauti, na sauti hiyo husafiri hadi kwenye kifaa kilicho juu ya ngozi.

Hapo ndipo ujanja ulipo. Mwanga ulitawanyika ulipokuwa ukiingia, lakini kinachotoka ni sauti, na sauti haitawanyiki ovyo katika mwili. Kompyuta hufanya kile ambacho mtu hufanya wakati wa radi. Mmweko unaonekana papo hapo, ngurumo inafuata baadaye, na ukihesabu sekunde katikati unajua radi imepiga mbali kiasi gani. Sauti iliyotoka kwa mshipa ulio kina cha sentimita 4 hufika kwenye kifaa baada ya takriban sehemu 26 za milioni moja ya sekunde. Kifaa hicho hicho kikimaliza kusikiliza, hutuma sauti yake cha kawaida na kupata picha ya umbo. Picha mbili, za sehemu ile ile na wakati ule ule, hulazwa moja juu ya nyingine.

Saratani na njaa ya oksijeni

Uvimbe wa saratani hukua haraka kuliko damu inayoufikia, kwa hivyo huita mishipa mipya. Mishipa hiyo hujengwa kwa pupa. Inapinda, inavuja na kuingia uvimbe kutoka kila upande, na oksijeni inayoleta hutumika upesi. Uvimbe usio wa saratani, kama vile vinundu vigumu vinavyoteleza chini ya vidole ambavyo huwapata sana wasichana na wanawake vijana, kwa kawaida hauna fujo hiyo.

Mashine ya Imagio, iliyotengenezwa na kampuni ya Seno Medical ya Texas, hutumia mianga miwili ya leza, mmoja wa nanometa 757 na mwingine wa nanometa 1,064. Damu iliyopungukiwa oksijeni humeza zaidi ule wa kwanza, na damu yenye oksijeni humeza zaidi ule wa pili. Kwa kulinganisha sauti za mianga hiyo miwili, mashine hupaka rangi juu ya picha ya kijivu: kijani mahali damu ina oksijeni, nyekundu mahali imepungukiwa. Januari 2021, mamlaka ya dawa na vifaa vya matibabu ya Marekani, FDA, iliidhinisha mashine hiyo itumiwe pamoja na ultrasaundi kwa wanawake ambao tayari wana uvimbe unaotiliwa shaka. Haikuidhinishwa kupima watu wasio na dalili, na wala haichukui nafasi ya mammogramu.

Namba zinasema nini

Utafiti mkubwa uliotangulia uamuzi huo uliandikisha wanawake 2,105 katika vituo 16 nchini Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018. Matokeo hayo yanafaa kusomwa polepole, kwa kuwa matangazo ya teknolojia mpya hupenda kutaja nusu ya habari.

Nusu ya kwanza ni hii. Kati ya kila vimbe 100 ambazo hazikuwa saratani, madaktari waliosoma picha za ultrasaundi ya mashine hiyo peke yake waliweza kuziondoa 28 kwenye orodha ya kutiliwa shaka. Walipoongezewa picha ya mwanga, waliweza kuziondoa 43. Tofauti ni 15, yaani wanawake 15 katika kila 100 ambao wangeweza kuepushwa sindano na hofu yake.

Nusu ya pili ni kwamba, kati ya kila saratani 100, ultrasaundi peke yake ilitambua karibu 99, na ikiongezewa mwanga zikatambuliwa 96. Saratani mbili au tatu zaidi zilionekana kama hazina shida.

Kumwondolea mtu sindano isiyo ya lazima ni jambo jema. Kumwambia mtu aende nyumbani na saratani yake ni janga. Mzani huo hauwezi kusawazishwa na mashine. Daktari huangalia umri, historia ya ukoo, alichohisi kwa vidole na picha zote kwa pamoja. Ndiyo sababu fotoakustika inapaswa kuchukuliwa kama shahidi wa ziada tu, hakimu akibaki kuwa yule anayeangalia sampuli kwenye darubini.

Nje ya matiti, watafiti wa Erlangen nchini Ujerumani wameitumia kupima uvimbe wa matumbo kwa wagonjwa wa Crohn, na hali ya misuli kwa watoto wenye ugonjwa wa Duchenne. Mipaka yake inajulikana. Haiendi mbali zaidi ya sentimita chache, na hewa na mifupa huizuia, hivyo si kifaa cha mapafu. Pia mgonjwa na mhudumu wote wawili lazima wavae miwani ya kuzuia leza.

Ngozi nyeusi na mashine za mwanga

Kabla ya leza kufika kwenye damu, lazima ipite ngozini. Ngozi nyeusi ina melanini nyingi, na melanini humeza mwanga. Matokeo yake ni mawili. Mwanga unaobaki kuingia ndani ni mchache, na ngozi yenyewe hutoa sauti kubwa inayochafua picha, mithili ya mtu anayepiga kelele mlangoni huku aliye chumba cha ndani akijaribu kuzungumza. Maabara ya Muyinatu Bell katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, imeonyesha kwamba picha za watu wenye ngozi nyeusi zaidi hutoka na ubora wa chini zikichakatwa kwa njia ya kawaida. Imeonyesha pia kwamba njia tofauti ya kukokotoa sauti zinazorudi hupunguza kelele hiyo. Kutumia mwanga wenye mawimbi marefu zaidi kunasaidia vilevile, kwa sababu melanini huumeza kidogo. Tatizo hili basi lina dawa, mradi mtengenezaji awe amelikumbuka kabla ya kuuza.

Funzo la kutolikumbuka liko tayari katika hospitali na vituo vingi vya afya. Kile kibanio kidogo kinachobanwa kwenye kidole cha mgonjwa kupima oksijeni, oksimita, nacho hufanya kazi kwa mwanga. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha namba za vibanio hivyo na vipimo vya damu yenyewe. Pale kibanio kiliposoma asilimia 92 hadi 96, namba inayoonekana ya kuridhisha, damu ya wagonjwa Weusi ilikuwa na oksijeni chini ya asilimia 88 katika takriban vipimo 12 kwa kila 100. Kwa wagonjwa Wazungu ilikuwa takriban 4. Vibanio hivyo vilikuwa vimetumika kwa miongo kadhaa. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo inayowataka watengenezaji kuvijaribu kwa watu wa rangi nyingi zaidi za ngozi.

Kwa mkazi, jambo hili lina matumizi ya leo. Mgonjwa anayehema kwa shida, aliyechanganyikiwa au ambaye midomo na kucha zimebadilika rangi asinyamaze kwa sababu kibanio kimeonyesha namba nzuri. Amweleze muuguzi jinsi anavyohisi, na jamaa aliye naye arudie kusema ikibidi.

Na siku ambayo mashine ya mwanga na sauti itapendekezwa kununuliwa kwa fedha za umma, wakazi watakaohudhuria vikao vya ushiriki wa umma wana haki ya kuuliza: ilijaribiwa kwa wanawake wangapi wenye ngozi kama ya wakazi wa hapa, na ilisoma nini? Nani ataitengeneza leza ikiharibika? Kaunti zinajua gharama ya mashine inayokaa ndani ya karatasi yake ya plastiki kwa kukosa fundi au mtaalamu wa kuiendesha.

Kilichopo sasa

Saratani ya matiti ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanawake nchini Kenya, na wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Hilo halisababishwi na ukosefu wa leza. Ultrasaundi ya kawaida, mammogramu na sindano vinatosha kugundua sehemu kubwa ya saratani hizo mapema, iwapo mwenye dalili atafika.

Dalili za kupeleka mtu kituo cha afya ni uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ghafla, au majimaji yenye damu kutoka kwenye chuchu. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, kwa hivyo kukosa maumivu si kibali cha kungoja. Wanaume nao huugua, ingawa ni wachache. Mwenye dalili aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako atapewa barua ya rufaa.

Kuna taa nyekundu za kumulika titi zinazouzwa mtandaoni kwa madai kwamba mtu anaweza kujipima nyumbani. Hizo ni tochi. Hazina leza ya mmweko, hazisikilizi sauti yoyote, na hazina uhusiano na mashine iliyoelezwa hapa. Mtu asiridhike kwa kuwa hakuona kivuli.

Kuhusu sindano, baadhi ya wakazi huamini kwamba ukidunga uvimbe unaamsha saratani na kuitawanya. Hofu hiyo haipaswi kumzuia mtu. Sehemu hutiwa ganzi, ultrasaundi huongoza sindano hadi mahali panapotakiwa, na vipande vyembamba kama njiti ya kiberiti hupelekwa maabara. Bila majibu hayo daktari hawezi kujua ni aina gani ya saratani na dawa ipi inaifaa. Mgonjwa aulize matokeo yatatoka siku gani na nani atampigia simu, na siku hiyo ikipita kimya arudi mwenyewe kuulizia.

Anayekwenda kupigwa picha abebe kitambulisho, barua ya rufaa, na picha na ripoti zote za zamani, hata za hospitali nyingine. Amweleze mtaalamu kama ni mjamzito au ananyonyesha, na tarehe ya hedhi yake ya mwisho, kwa kuwa titi hubadilika katika vipindi hivyo. Ripoti ya mwaka jana yenye kipimo cha uvimbe kwa milimita humwezesha mtaalamu kujua kama uvimbe huo umekua au umebaki ulivyokuwa.